Nguo ya Kuazima

Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kiongozi anayetaka kuleta mfumo wa ubora kazini kwake kwa kuwa tu umewafaa wengine, na aisikilize habari ya kampuni ya 3M ya Marekani.

Mwaka 2001, James McNerney alitoka General Electric kwenda kuiongoza 3M, akaja na Six Sigma. Mfumo huo ulizaliwa Motorola miaka ya 1980, na shabaha yake ni kasoro zisizozidi 3.4 katika kila nafasi milioni moja za kukosea. Maelfu ya wafanyakazi walifundishwa. Viwandani matunda yalionekana: gharama zilishuka, faida ikapanda.

Kisha mfumo ukapelekwa maabara. Watafiti wakaanza kudaiwa ripoti juu ya ripoti, waeleze mapema soko la kitu ambacho bado hawajakigundua.

Sasa tukumbuke 3M ilivyopata mojawapo ya bidhaa zake mashuhuri. Mwaka 1968, Spencer Silver alikuwa akitafuta gundi kali, akapata gundi dhaifu inayonata na kubanduka kirahisi. Kwa miaka kadhaa haikupata kazi. Mwaka 1974 mwenzake, Art Fry, aliyechoshwa na vikaratasi vya alama vilivyokuwa vikidondoka kutoka kitabu chake cha nyimbo kanisani, akaikumbuka. Hapo ndipo vilipoanzia vikaratasi vya kunata vya Post-it, vilivyoenea madukani Marekani mwaka 1980. Kwa kipimo cha kiwandani, gundi ile ingehesabiwa kasoro na kutupwa.

McNerney aliondoka mwaka 2005. Aliyemrithi, George Buckley, aliwalegezea watafiti masharti, wapate tena nafasi ya kujaribu na kukosea.

Mfumo wenyewe haukuwa na ubaya. Kosa lilikuwa kupima kwa rula moja kazi mbili zisizofanana. Anayetengeneza bidhaa ileile kila siku hufaidika kwa kuondoa tofauti. Anayetafuta jambo jipya huishi kwa hizo tofauti.

Basi wewe unayekaribia kumlipa mshauri, au kuanza safari ya cheti cha ubora cha ISO 9001, jiulize kwanza: ni kasoro gani inayotuumiza? Iko katika kazi ipi? Wanaoifanya kazi hiyo wanasemaje? Ujaribu mfumo katika idara moja, uupime, ndipo uamue kuhusu nyingine. Kiongozi asiye na majibu ya maswali hayo asitie saini.