Koti Liko Kazini, Mwenyewe Yuko Wapi?

Neno: Mathayo 24:45–51

Huu ni muhtasari wa Neno la Jumapili iliyopita, kwa waliokuwa safarini na kwa waliokuwepo lakini mvua kwenye mabati ikawanyima kusikia.

Nianze na ushuhuda, na si ushuhuda wa kujisifu. Mwaka wa 2013, nikiwa nimetoka chuo na digrii yangu ya biashara, niliajiriwa karani kwenye ofisi moja ya kupitisha mizigo pale Malaba. Jumamosi moja, saa nne asubuhi, dereva wa lori akaniletea karatasi zake. Alikuwa ametoka Mombasa, zaidi ya kilomita 900, anaelekea Kampala. Kazi iliyobaki kwangu ilikuwa ndogo tu: nijaze fomu ya malipo na niipeleke benki kabla haijafunga. Nusu saa ingetosha.

Nikamwambia, "Mzee, kaa hapo kwa benchi, nakuja sasa hivi." Nikatundika koti langu kwenye kiti ili bosi akipita aone niko karibu. Nikatoka nje kwa vijana waliokuwa wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Nilisema mchezo mmoja. Mnajua mchezo mmoja ulivyo. Nilipoinua macho ilikuwa saa sita na nusu, na mlango wa benki umefungwa mpaka Jumatatu.

Bosi akapiga simu kuuliza ule mzigo vipi. Nikajibu, "Mtandao uko chini, bosi." Yule dereva alikuwa amesimama mbele yangu. Alinitazama, hakusema kitu.

Jumatatu alipochukua karatasi zake ndipo akaongea, tena kwa upole: "Kijana, wewe ulicheza masaa mawili. Mimi nimelala kwa lori siku mbili. Na Alhamisi nilikuwa nimpeleke binti yangu Form One. Sasa atapelekwa na jirani."

Mwisho wa mwezi nilipokea mshahara wangu wote. Hakuna shilingi iliyokatwa.

Wapendwa, chuoni tulifundishwa kuhesabu hasara ya muda. Mfanyakazi amelipwa masaa manane, amefanya matano, kampuni imepoteza matatu. Hesabu inaishia hapo. Lakini Bwana Yesu katika Mathayo 24 anaendelea pale ambapo mwalimu wangu aliachia. Anasema juu ya mtumwa aliyewekwa juu ya nyumba. Aliwekwa afanye nini? Awape wenzake chakula kwa wakati wake. Bwana wake alipokawia, yule mtumwa akaanza kula na kunywa na walevi. Sasa niambie, bwana mwenye nyumba alilala njaa? Hapana, hata hakuwepo. Waliolala njaa na kupigwa ni watumwa wenzake!

Hapo ndipo penye Neno la leo. Ukizembea kazini unafikiri unamwibia bosi. Lakini yule unayemwibia kwanza ni mtu aliyekaa kwa benchi.

Jambo la kwanza: si kila aliyekaa ni mvivu. Sitaki mtu atoke hapa akawatukane vijana wa boda boda pale stendi ya Chakol. Soma Mathayo 20. Wale watu waliosimama sokoni mpaka jioni, Bwana hakuwapiga. Walisema hakuna aliyewaajiri, naye akawapa kazi. Dereva aliye kwenye foleni ya Malaba akipiga stori, huyo anangoja. Mama anayesinzia kando ya nyanya zake, anangoja mteja. Na kupumzika si dhambi, Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Ninayemsema ni yule ambaye ameajiriwa tayari, kazi iko mezani, na mtu yuko mlangoni.

Jambo la pili: uzembe hauzai mtoto mmoja. Unazaa pacha, na pacha wake ni uongo. Koti kwenye kiti ni uongo. "Mtandao uko chini" ni uongo. "Njoo kesho" ni uongo, kama kesho nayo utakuwa kwenye simu unakimbiza ile ndege ya kubeti. Mtumwa wa Mathayo 24 anaishia kuwekwa fungu moja na wanafiki. Nilikuwa najiuliza kwa nini wanafiki, si wavivu. Siku ile ya dereva nilielewa.

Jambo la tatu: jengo jipya haliponyi moyo. Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walikuja Busia kufungua kituo cha pamoja cha mpakani, ili msafiri asimame mara moja badala ya mara mbili. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tukipunguza madirisha yakabaki mawili, na nyuma ya dirisha kuna koti tupu, mtu atafika nyumbani saa ngapi?

Msifikiri ninawasema ninyi tu. Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa kanisa hili alikuja ofisini kuombewa. Nikamwomba asubiri, "namalizia maandalizi." Nilikuwa natazama magoli kwa simu. Alingoja dakika ishirini kwenye benchi. Nimemwendea nyumbani, nimemwomba msamaha, na amenipa ruhusa niwaambie.

Yule dereva sikumpata. Nilipookoka nilitafuta namba yake kwenye daftari la zamani, nikapiga, haipatikani. Kwa hiyo liko deni ambalo sitaweza kumlipa mwenyewe. Ninalilipa kwa anayefuata kwenye benchi.

Kwa hiyo kesho Jumatatu, kabla hujatundika koti, jiulize swali moja: ni nani ananingoja? Mwalimu, wako arobaini na zaidi darasani. Nesi, yuko mwenye mtoto anayechemka. Fundi cherehani, yuko bibi harusi. Mtaje kwa jina mbele za Mungu, halafu uanze na kazi yake.

Tuombe: Baba, tusamehe kwa masaa ya wenzetu tuliyoyala. Ukija, utukute tukigawa chakula kwa wakati wake. Katika jina la Yesu, Amina.