Nani Aliyeizuia Mvua?

Katika Unyamwezi wa watemi, mvua ilikuwa dhamana ya mtawala. Ukame ukizidi, mtemi aliweza kuvuliwa utemi. Na lawama isipomfika yeye ilimtafuta mtu mwingine, mara nyingi mwanamke mzee asiye na mtetezi. Serikali ilifuta mamlaka ya watemi mwaka 1963, lakini desturi ya kumsaka mtu nyuma ya kila janga haikwenda pamoja nao. Kwa hiyo kazi ya wanasayansi wa bahari na angahewa ina uzito wa kimaadili ambao wenyewe hawaudai: imebadilisha jibu la swali la nani aliyeizuia mvua.

Igalula, hukohuko Unyamwezi, iko kwenye reli ya kati, mashariki ya Tabora, mbali sana na pwani, na karanga, mahindi na tumbaku yake vyote vinategemea msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Lakini hata huko bahari inafika: mwaka 1999 mwanasayansi Saji na wenzake walieleza jinsi Bahari ya Hindi inavyopata joto upande wa magharibi huku ikipoa upande wa Sumatra, na pepo na mvua zikahama. Mwaka 2019 hali hiyo ilikuwa kali: Afrika Mashariki ikafurika, Australia ikaungua. Mvua ya Igalula haitawaliwi na jambo hilo peke yake. Ukanda wa mawingu unaofuata jua na unyevu utokao Kongo navyo vina sehemu yao. Lakini katika maelezo hayo yote, ajuza wa jirani hayumo.

Muumini anaweza kupinga kwamba Sura ya Luqman inaitaja mvua miongoni mwa mambo yaliyo mikononi mwa Mungu, na kwamba utabiri unaingilia ghaibu. Sioni hivyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza msimu, husema mvua inatarajiwa kuwa ya wastani, juu au chini yake. Kupima kwanza, kisha kusema "huenda", ni adabu mbele ya Muumba, na anayeswali kuomba mvua hamwombi upepo, anamwomba aliyeuumba. Pingamizi la mkulima ni zito zaidi: amekopa mbolea, na "huenda" hailipi deni. Hapo mwanasayansi naye lazima awajibike, si kwa mvua yenyewe, bali kwa kueleza waziwazi, kabla mbegu hazijanunuliwa, utabiri wa miaka iliyopita ulitimia kwa kiasi gani.

Sayansi hiyohiyo, hata hivyo, imeurudisha mkono wa binadamu mawinguni. Takriban asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na gesi za viwanda, magari na misitu iliyokatwa limeingia baharini. Wazee hawakukosea kabisa kuhisi kwamba matendo ya watu hufika angani, walikosea mtuhumiwa. Miombo inayokatwa kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku inamhusu mwana-Igalula mwenyewe, na asijitoe hapo. Lakini Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia. Tuhuma ya zamani haikuhitaji ushahidi na ilimwangukia mnyonge. Hii mpya ina vipimo na inawaangukia wenye nguvu, ambao hawaitwi barazani. Mwaka 2022, katika mkutano wa tabianchi huko Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubaliana kuunda mfuko wa hasara na uharibifu, na mkulima wa Igalula ana haki ya kuuliza fungu lake liko wapi.