Nyungu ya akiba: heshima yake iko wapi?

Wazee wetu wanasema: akiba haiozi. Lakini akiba inaomba chombo. Na chombo kikizeeka, kikikosa kazi, tunakiheshimu namna gani? Ulizo hilo tulipime kwa mfano wa mbali kidogo: nyungu za udongo za wakulima wa Ufaransa.

Kusini-magharibi ya inchi ile, upande wa Gascogne na Périgord, nyungu hizo zilikuwa mu nyumba mingi katika karne ya 18 na ya 19. Mbele ya miezi ya baridi, mama alikuwa anapika nyama ya bata polepole ndani ya mafuta yake yenyewe, anaipanga mu nyungu, anamwanga mafuta juu mpaka nyama yote inafunikwa. Mafuta yakiisha kuganda, hewa haiingii, na nyama inakaa miezi. Ndani, na nje kwa nusu ya juu, nyungu ilipakwa rangi ya kung'aa sawa kioo, ya manjano ao ya kijani, juu mafuta yasipenye. Nusu ya chini ilibaki udongo mtupu, nayo ikakaa mahali pa baridi chini ya nyumba.

Mwaka 1810 Nicolas Appert alitangaza njia ya kuchemsha chakula ndani ya chupa iliyofungwa vizuri. Nyuma kukaja makopo, kisha frigo. Leo nyungu zile zinauzishwa bei kali, zinawekwa saluni na maua makavu ndani.

Wamoja wanasema: hiyo ni kuzizarau. Wengine wanajibu: bila pambo zingekuwa zimevunjika zamani. Sisi tunaona kila upande uko na nusu ya ukweli. Kuzirudisha kazini hapana: mara mingi rangi ile ilikuwa na madini ya risasi, na risasi ni sumu katika chakula. Mzee akichoka hatumlazimishe kulima. Lakini kumkalisha pa kona bila kumuuliza alilima nini, hiyo si heshima.

Kazi ya nyungu haikuwa uzuri. Ilikuwa hesabu ya mama: watu ngapi mu nyumba, miezi ngapi ya baridi, leo tule kiasi gani ili kesho tusilale njaa. Anayenunua nyungu bila kujua hesabu hiyo amenunua udongo tu.

Na kwetu? Bidoni ya plastiki imefukuza nyungu ya maji mu nyumba mingi. Hatuilaumu: ni nyepesi kwa mama anayepanda mlima, tena haivunjike. Lakini ile nyungu inayobaki, tumuelezee mtoto: nani aliifinyanga, ilitunza nini, na sababu gani maji yake yalipoa bila frigo. Tufanye hivyo wangali hai wanaojua. Kisha hata ikiwekwa saluni, itakuwa imekaa kwa heshima.