Njia ya Mwongo ni Fupi

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sidhani kama waliwaza habari za Toyota Premio, lakini huku Msamala, Songea, methali hiyo unaweza kuisoma kwenye dashibodi.

Kwa nini watu wanabadilisha matairi? Sababu ipo wazi. Gari ndogo zinazotoka Japani zikiwa zimetumika ziliundwa kwa barabara laini. Ukiacha lami ukaingia mitaani wakati wa masika, maji yameshachimba njia, tumbo la gari linakwangua. Basi mtu anafunga rimu na matairi makubwa zaidi. Na tuseme ukweli, gari linapendeza. Sina ugomvi na urembo.

Tuje kwenye hesabu. Premio nyingi zinatumia tairi la 195/65 R15, yaani upana milimita 195, ukuta asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 15. Kipenyo chake chote ni kama milimita 634. Ukifunga 215/60 R16, kinafika 664. Gari limepanda milimita 15 tu, kwa sababu ni nusu ya ongezeko inayokaa chini ya ekseli. Ila kila tairi likizunguka mara moja, gari linasogea zaidi kwa karibu asilimia 5. Mita haina habari. Yenyewe inahesabu mizunguko, barabara haiioni. Kama ilikuwa sahihi, sasa ikikuonyesha 80, uko karibu 84. Ikikwambia umekwenda kilomita 100, umekwenda karibu 105. Njia imekuwa fupi.

Nilimuuliza fundi mmoja kama huwa anawaambia wateja jambo hili. Akanijibu, “Mwandishi, mita mimi sijaigusa.”

Ni kweli, hajaigusa. Anayerudisha kilomita nyuma ili auze gari kwa bei nzuri, sote tunamwita mwongo bila kusita. Je, huyu aliyebadilisha kile ambacho mita inakitegemea, halafu akaiacha iendelee kusema kama zamani?

Wapo watakaosema uongo unataka nia. Nakubali. Asiyejua hajadanganya mtu. Lakini ukishajua, kunyamaza kwako nako ni uamuzi. Hata hivyo, kwa mnunuzi wa kesho hasara si kubwa: kwa kila kilomita 40,000 zilizoandikwa, gari limekimbia kama 1,900 zaidi. Kama suala lingeishia hapo, nisingeandika.

Uzito upo kwingine. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi, inaruhusu mita ionyeshe mwendo mkubwa kuliko mwendo halisi, ila kuonyesha mdogo hairuhusu kabisa. Ndiyo maana mita nyingi zinatoka kiwandani zikizidisha kidogo. Hapo mjuaji atadakia: “Si vizuri basi? Tairi kubwa limeifanya mita iseme kweli!” Hoja tamu hiyo, na kwa baadhi ya magari hesabu inaweza kumuunga mkono.

Lakini tuulize ile ziada iliwekwa kwa ajili ya nani. Kwa sehemu kubwa iliwekwa kwa ajili ya mtu asiye ndani ya gari: mama anayevuka na ndoo kichwani, mtoto anayetoka shule, bodaboda aliyesimama kusubiri abiria. Waliotunga kanuni walijua chombo chochote hukosea, wakaamua kikosee kwa upande wa kumlinda mnyonge. Gari ni lako, rimu ni zako, hela ni zako. Ile nafasi ya usalama si yako peke yako. Ukiitumia kimyakimya, umetumia amana ya watu ambao hawakuulizwa.

Sisemi watu wang'oe matairi. Barabara zetu tunazijua, na anayetaka gari lake lisikwangue hana kosa. Ninachodai ni kusema. Fundi amwambie mteja kabla ya kukaza nati. Mwenye gari amwambie anayemwazima, na siku ya kuuza amwambie mnunuzi. Na penye kibao cha 50, dereva aliyebadilisha kwa vipimo hivi akaze macho kwenye 47, kwa sababu mita haitamkumbusha.