Fungate Ughaibuni: Ni Nani Ajuaye Bei?



Mnapopanga fungate ya watoto wenu, au ile yenu iliyocheleweshwa na karo, wengi huuliza: je, Mkristo aweza kulala hoteli ya nyota tano huku paa la wazazi wake lavuja? Swali zuri. Lakini lipo litanguliale: je, wote wawili wanaijua bei?

Chukueni Roma. Katika katekesi ya Baba Mtakatifu siku ya Jumatano, maarusi ambao hawajapitisha miezi miwili tangu ndoa yao hutengewa mahali, nao huja na mavazi yao ya arusi kupokea baraka. Mjini humo zipo nyumba za watawa zipokeazo wageni: chumba safi cha kawaida, na mara nyingi lango hufungwa usiku. (Bwana arusi aulize mapema habari ya vitanda, vingi ni vya mtu mmoja!) Hoteli za fahari zipo pia, na kodi ya jiji, itozwayo kila mgeni kwa kila usiku, hupanda kadiri ya nyota.

Sasa, mume akopaye kwa siri ili amshangaze mkewe kwa chumba cha fahari amempa deni atakalolilipa bila kuulizwa. Atalijua mshahara utakapoanza kukatwa. Ni upendo, naam, ila umemfanya mke mgeni nyumbani mwake. Naye mke asemaye "chagua wewe tu", kisha akanuna afikapo mlangoni, ameukimbia wajibu wake.

Ketini jioni moja na karatasi: nauli, viza, chumba, kodi. Kila mmoja aandike awezacho kutoa bila kukopa, amwonyeshe mwenzake.