Akili ni nywele, na kinyozi hajinyoi

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake." Mara nyingi tunaitumia methali hii kufunga mjadala: wewe una lako, nami nina langu, tuachane. Tunaipunja. Ikiwa kila mtu ana zake, basi hakuna mwenye zote, na hapo ndipo haja ya mwenzio inapoanzia. Wahenga hao hao walisema kinyozi hajinyoi: nywele ni zako, lakini mkono wa kuzitengeneza ni wa mwingine.

Kisa kimoja kinaonyesha hilo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Siku hiyo nafasi iligombewa, naye akayatia yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu, yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, aliyeyatia bila kuchemsha, bado yalikuwa majimaji mazito tu. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Kumbe wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa wakigandisha maziwa ya moto ili wawahi. Ujuzi ulikuwepo mikononi mwao, ila haukuwa umemfikia mtu wa kuupima.

Baadaye, akiwa mwanafunzi wa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, kwa nini maji ya moto huganda kabla ya yaliyo baridi zaidi. Wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakuwa na jibu, lakini aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara ajaribu, na maji ya moto yakatangulia kuganda. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwa majina yao yote mawili.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki 1934, alifundisha kwamba fikra za juu huanza baina ya watu, kisha ndipo huwa za mtu ndani ya nafsi yake. Kisa cha Mpemba kinaongeza kitu: hata mkubwa hujengwa na mdogo. Kijana alikuwa na jicho, mhadhiri alikuwa na maabara. Wala ujenzi wa ujuzi huo haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakatilia shaka kwamba ya moto hutangulia kuganda, na wanafizikia wangali wakibishana.

Basi mwalimu, mwanafunzi akikuletea jambo lisilo kitabuni, usimnyamazishe kwa methali. Mpe maji, friji na saa, mkapime pamoja.