Je, Kutubu kwa Mungu Pekee Kunatosha?

Kwenye varanda ya nyumba yetu hapa Mtawanya, wilayani Kibiti, kuna doa la oili ambalo mke wangu amelisugua kwa sabuni mara nyingi bila kutoka. Nimemwomba aliache. Linanikumbusha swali nililolifundisha kwa miaka mingi kabla halijanifikia mwenyewe: mtu aliyemkosea mwenzake, akatubu mbele za Mungu na kuamini kwamba amesamehewa, je, amemaliza?

Nitaeleza jinsi swali hilo lilivyonifikia.

Nina pikipiki ya zamani, Yamaha DT 125, niliyoachiwa na mwinjilisti mmoja mstaafu. Injini yake ni ya mipigo miwili, aina ambayo vijana wengi wa leo hawajaizoea, maana Boxer na TVS wanazoendesha ni za mipigo minne. Katika injini ya mipigo minne, oili hukaa chini ikizunguka na kulainisha vyuma. Katika injini ya mipigo miwili hakuna oili inayokaa kwenye chumba cha krenki. Hewa na petroli hupita humo kwanza, kisha husukumwa juu kwenye silinda. Oili kidogo husafiri pamoja nazo, inalainisha beringi na pistoni ikiwa njiani, kisha inaungua na kutoka kama ule moshi wa bluu tunaoujua. Wengine huchanganya oili na petroli kwenye tangi moja. Pikipiki yangu ina tangi dogo la oili pembeni, na pampu ndogo inayovuta oili hiyo na kuipeleka kwenye injini. Oili ikikatika, injini haina akiba. Itaendelea kwa muda kwa unyevu uliobaki, kisha pistoni itang'ang'ania kwenye ukuta wa silinda.

Ijumaa moja nililitoa lile tangi dogo nikalisafisha, maana lilikuwa limeingia mchanga. Nikalirudisha, nikalijaza oili ya 2T hadi juu, nikaridhika.

Kesho yake alfajiri alinigongea kijana wa jirani, dereva wa bodaboda. "Shikamoo, Mchungaji. Mama amezidiwa, anapumua kwa shida, na pikipiki yangu tairi limepasuka. Naomba ya kwako nimfikishe Kibiti." Nikampa ufunguo. Alimfikisha mama yake salama. Alipokuwa anarudi kuchukua nguo za mgonjwa, injini ilijifunga ghafla, tairi la nyuma likasimama, naye akaanguka kwenye changarawe akachubuka mkono wote.

Nilimkuta kijiweni, pikipiki ikiwa imesukumwa hadi pale, na watu wamezunguka. Sikumuuliza kwanza habari ya mkono wake wala ya mama yake. Nilisema, "Umeiendesha bila oili."

"Baba Mchungaji, oili imejaa. Angalia mwenyewe."

Niliangalia. Kweli ilikuwa imejaa. Nikasema, "Basi umejaza sasa hivi ili kuficha kosa. Pistoni haiwezi kung'ang'ania wakati oili ipo."

Aliapa kwamba hakugusa kitu. Watu wakanyamaza. Hapakuwa na ushahidi wowote juu yake ila neno langu, lakini lilikuwa neno la mchungaji, na yeye ni kijana wa kijiweni. Tukakubaliana, au tuseme nilimkubalisha, anilipe shilingi 150,000 za matengenezo. Alilipa kwa miezi mitatu, elfu hamsini kila mwisho wa mwezi, na kila mara alinishikia pesa hiyo kwa mikono miwili.

Alipomaliza kulipa ndipo nikaanza kazi. Sikuwa mgeni wa spana. Kabla ya kwenda chuo cha theolojia nilimsaidia mjomba wangu gereji. Nilitandika gunia varandani, nikapanga makopo matupu ya maziwa kwa ajili ya bolti, kila kopo na sehemu yake. Nikafungua kichwa cha silinda. Silinda yenyewe haikutoka. Nilimwaga dizeli juu ya pistoni ikalala usiku kucha, asubuhi nikaigonga taratibu kwa kipande cha mti hadi ikalegea. Ukuta wa silinda ulikuwa umepakwa aluminiamu iliyoyeyuka kutoka kwenye pistoni, na ringi zilikuwa zimeshikana na mifereji yake. Kila kitu kilisema jambo moja: hapa oili haikufika.

Mpaka hapo nilijiona bado nina haki. Kisha nikafungua kifuniko cha pampu ya oili.

Mrija unaotoka kwenye tangi dogo kuja kwenye pampu unapitisha mwanga. Nilipoufuta vumbi niliona oili imefika nusu ya njia na kusimama. Mbele yake palikuwa na hewa tupu. Tangi limejaa, pampu kavu. Kwenye pampu kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa. Mtu akishatenganisha tangi na mrija, hana budi kuilegeza skrubu hiyo aache oili itiririke mpaka mapovu yaishe. Asipofanya hivyo, pampu inaweza kuzunguka bila kuvuta oili. Ile Ijumaa sikuigusa. Kijana alikuwa amesema kweli kila neno, na mimi ndiye niliyemkabidhi injini yenye kifo ndani yake, akampakia mama yake mgonjwa juu yake.

Nilikaa kwenye kigoda muda mrefu. Usiku nilipiga magoti, nikamwungamia Mungu, nikalia. Naamini alinisamehe usiku uleule. Naliandika hili mapema ili asitokee msomaji wa kudhani kwamba makala hii inapunguza neema.

Lakini sikiliza nilichofanya baadaye. Asubuhi nilichukua daftari na kuanza kuandika mahubiri. Yalikuwa mazuri: tangi lililojaa na pampu iliyo kavu, mtu mwenye dini tele isiyofika moyoni. Nilikwisha kuandika kurasa mbili mke wangu alipopita na chai, akasoma juu ya bega langu, akauliza, "Umeshamwambia?" Nikasema bado. Akaweka kikombe akaenda zake.

Hapo nikatambua kwamba nilikuwa nageuza dhambi yangu kuwa mfano, na mfano haumdai mtu chochote. Wasikilizaji wangesema amina, nami ningetoka madhabahuni na shilingi 150,000 za mtoto wa watu mfukoni.

Zilipita wiki tatu. Katika wiki hizo nilijipa hoja tatu, nami naziandika kwa sababu nadhani hata wewe, ndugu msomaji, unazijua.

Hoja ya kwanza ilisema kwamba sikukusudia. Kusahau kutoa hewa ni bahati mbaya, wala si dhambi. Hilo ni kweli, nami sikutubu kwa ajili ya skrubu. Dhambi yangu ilikuwa kijiweni: nilihukumu kabla ya kufungua. Katika Yohana 7:51 Nikodemo anawauliza wenzake kama sheria yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikia. Mimi nilimsikia kijana na bado sikumsikiliza. Ningeweza kusema, "Tuifungue kwanza tuone." Nilijua kufungua injini kuliko mtu yeyote pale. Kutojua kulinisamehe kosa la Ijumaa, hakukunisamehe uhakika wangu wa Jumamosi.

Hoja ya pili ililetwa na mzee mmoja wa kanisa niliyemshirikisha. Alisema kwa upendo, "Mchungaji, sisi Walutheri hapa ni wachache. Ukisimama kijiweni ukasema umemdhulumu kijana wa jirani zetu Waislamu, watasema nini juu ya kanisa? Mrudishie pesa kimyakimya." Hoja hii ilinishika sana. Lakini heshima inayolindwa kwa kumwacha asiye na hatia na jina la mwongo ni heshima iliyoibwa. Tena kile ambacho mzee aliogopa watu wasije wakakisema kilikuwa tayari ni kweli. Kukificha kusingekifanya kiwe uongo.

Hoja ya tatu ndiyo ya Kilutheri zaidi, na ndiyo iliyokuwa hatari zaidi kwa sababu inafanana na Injili. Ilisema: tunahesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo. Mungu amekwisha kusamehe. Ukienda kulipa, je, si kutafuta kununua kilichotolewa bure?

Nilihangaika nayo mpaka nikaona kosa lake. Msamaha wa Mungu unaondoa hatia yangu mbele zake. Haugeuzi mali ya mwenzangu kuwa yangu. Zile shilingi hazikuwa mbinguni zikisubiri kufutwa. Zilikuwa zimekwisha kununua chakula nyumbani kwangu. Na jina la yule kijana halikuwa mikononi mwa Mungu. Nilikuwa nimelishika mimi. Kurudisha kitu kwa mwenyewe si kununua msamaha. Ni kuacha kushikilia kisicho chako.

Maandiko yanapanga mambo vizuri. Katika Luka 19, Yesu anamwita Zakayo na kuingia nyumbani mwake kabla Zakayo hajataja kurudisha hata senti. Neema inatangulia. Lakini ikishaingia nyumbani, Zakayo hawezi tena kukaa na mali za watu. Anaahidi kuwarudishia mara nne. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 12, linasema toba ina sehemu mbili, majuto na imani, kisha matendo mema yafuate kama matunda. Matunda hayaupi mti uhai, lakini mti usiozaa unatupa sababu ya kuuchunguza. Na katika Mathayo 5:23-24 Bwana anamwambia mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu, aende kwanza apatane na ndugu yake. Kila Jumapili kwa wiki tatu nilikuwa nimesimama kwenye madhabahu hiyo.

Nikaona pia kwamba hoja ya tatu ilikuwa imeigeuza imani juu chini. Kama kusimama kwangu mbele za Mungu kungetegemea jina langu zuri, ningekuwa na sababu ya kulilinda kwa gharama yoyote. Lakini kunategemea Kristo. Kwa hiyo aliyesamehewa ndiye mtu anayeweza kuaibika bila kuangamia. Msamaha nilioutumia kama mahali pa kujificha nilipewa ili niweze kutoka nje.

Nilikwenda kwao jioni. Hesabu 5:7 inaagiza mkosaji arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano, hivyo nilibeba shilingi 180,000. Nilimkuta kijana na mama yake, ambaye amepona, tunamshukuru Mungu. Niliwaonyesha ule mrija na kueleza yote. Kijana alitazama chini. Mama alizipokea pesa, akazihesabu, akasema, "Ahsante, Mchungaji. Pesa nimeiona. Lakini maneno hukuyasemea hapa ndani. Uliyasemea kijiweni."

Kesho yake nilikwenda kijiweni saa ya watu wengi, nikasema pale pale niliposimama siku ile: kijana huyu alisema kweli, na mimi nilisema uongo juu yake. Hakuna aliyecheka. Dereva mmoja mtu mzima alisema tu, "Haya, tumesikia."

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuwa hivyo. Katika miezi ile mwenye pikipiki aliyomwajiri kijana alikuwa amesikia kwamba "anaua injini," akamnyang'anya chombo na kumpa mwingine. Nilimfuata tajiri huyo nikamweleza. Alinielewa, lakini dereva mpya hakuwa na kosa la kufukuzwa. Kijana sasa analima ufuta kwa baba yake mdogo. Deni hilo sijui namna ya kulilipa, na sehemu ya tano haifiki huko. Katika kipaimara nawafundisha watoto maelezo ya Luther juu ya amri ya nane katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, kwamba tumtetee jirani na kumsema vizuri. Zamani nilidhani hiyo ni adabu ya kawaida. Sasa ni kazi yangu: mahali popote anapotajwa, nami nipo, nasema ukweli wake. Kuna kosa ambalo mtu husamehewa siku moja na kuendelea kulitengeneza maisha yake yote.

Silinda niliipeleka Gerezani, Dar es Salaam, ikachongwa, nikanunua pistoni ya saizi iliyozidi kidogo. Niliifunga injini varandani kwa uangalifu niliopaswa kuwa nao mwanzo. Kwenye mfereji wa kila ringi kuna kipini kidogo, na mwanya wa ringi lazima ukae juu yake, la sivyo ringi itavunjika. Mwisho nililegeza ile skrubu ya pampu, nikaketi nikitazama mapovu yakitoka moja moja hadi oili ikaja safi.

Nilipopiga kiki, iliwaka mara ya tatu, moshi wa bluu ukajaa uani. Kijana alikuwa anapita na jembe begani. Akasimama kwenye ua.

"Umetoa hewa, Mchungaji?"

"Nimetoa."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na safari yake.

Ndugu msomaji, huenda nawe umekwisha kuungama jambo kwa Mungu, naye amekusamehe. Usilitilie shaka hilo. Ila jiulize kama bado kuna kitu cha mtu nyumbani mwako: pesa, kiwanja, au jina lake. Kama kipo, weka kitabu hiki chini kwanza. Mtu huyo bado anakaa mahali unapopajua.